Jiwe Lililo Ukingoni mwa Ngorongoro



Novemba ni mwezi wa marehemu wetu, na katika mwezi huu Kanisa hututuma makaburini. Tunafyeka majani, tunapaka misalaba chokaa, tunawasha mishumaa na kuwataja kwa majina wale waliotutangulia. Kwa sababu hiyo tumeona vema juma hili kuwaandikia juu ya safari iliyofanywa Septemba iliyopita na watu thelathini na mmoja wa parokia yetu: vijana, akina mama wa WAWATA, wazee wanne, pamoja nasi paroko wenu. Tulikwenda kulizuru kaburi la mtu ambaye si ndugu yetu, hakuwa wa kabila letu wala wa taifa letu, naye alikufa kwa ajali ya ndege kabla wengi wetu hatujazaliwa. Wengi mmetuuliza tulifuata nini huko. Swali hilo ni halali, nasi tutajaribu kulijibu.

Mtu huyo ni Michael Grzimek, Mjerumani. Baba yake, Bernhard Grzimek, alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Mwishoni mwa mwaka 1957 baba na mwana waliondoka Ujerumani kwa ndege yao ndogo aina ya Dornier Do 27, iliyopakwa mistari myeusi na myeupe mithili ya pundamilia, wakaja nayo mpaka Tanganyika. Wakati ule serikali ya kikoloni ilikuwa katika mjadala wa kubadili mipaka ya Hifadhi ya Serengeti, ili Ngorongoro itengwe nayo. Swali lililowaleta ni jepesi kulitamka: wanyama wako wangapi, nao huenda wapi majira yanapobadilika? Kulijibu kulitaka kuruka chini chini juu ya mbuga, siku baada ya siku, wakihesabu nyumbu, pundamilia na swala. Hesabu yao ilipita wanyama 360,000. Waligundua pia kwamba makundi ya nyumbu hayaijui mipaka inayochorwa mezani. Huifuata mvua na majani, na sehemu ya njia yao ilikuwa nje ya mipaka iliyokuwa ikipendekezwa.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa angani peke yake juu ya uwanda wa Salei, upande wa mashariki wa Serengeti. Ndege yake iligongana na tumbusi. Uchunguzi ulieleza kwamba pigo lile liliharibu bawa na kukwamisha nyaya za usukani, na ndege ikaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 24, naye aliacha mke kijana. Walimzika ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mwaka huohuo Ngorongoro ilitengwa rasmi na Serengeti, na Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti wakahamishwa. Kwa hiyo kijana yule amelala katika ardhi ileile iliyokuwa ikibishaniwa. Baba yake aliikamilisha kazi waliyoianza pamoja. Filamu yao juu ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na jina la mbuga hiyo likajulikana katika nyumba za watu ambao hawajawahi kukanyaga Afrika.

Hiyo ndiyo habari tuliyowasimulia vijana kabla ya kuondoka. Sasa tuseme habari ya njia.

Tungeweza kupita barabara ya lami ya Babati na Makuyuni, ambayo ni nyepesi zaidi kwa basi. Wazee waliomba tupite Basotu, Haydom, Dongobesh na Mbulu mjini, ili vijana waione nchi yao wenyewe kabla ya kuona ya wageni. Tulikubali, na vumbi tulilila la kutosha. Tulipofika uwanda wa Basotu, mashamba ya ngano yalikuwa yamekwisha kuvunwa, na upepo ulikuwa unapita juu ya mabua bila kizuizi. Hapo mzee mmoja wa Kibarbaig, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa upole wake, aliomba basi lisimame. Alishuka, akasimama kando ya barabara akiegemea fimbo yake, nasi tukamfuata.

Akatueleza juu ya bung'eda. Mzee wa heshima wa Kidatoga anapofariki, jamaa na majirani humjengea kaburi la udongo na miti, nalo huinuliwa tabaka juu ya tabaka kwa muda wa miezi mingi, mpaka siku kuu ya kulihitimisha. Mahali hapo huwa patakatifu. Watu hurudi kusali na kuomba baraka. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba makubwa ya ngano yalipofunguliwa wilayani Hanang kwa msaada wa Kanada, Wabarbaig walipoteza malisho yao, na malalamiko yao makubwa, yaliyofikishwa hata mahakamani, yalikuwa pamoja na haya: kwamba trekta zilipita juu ya makaburi ya wazee wao.

“Padri,” alituambia, “ninyi mna karatasi za ardhi. Kwetu kaburi ndiyo hati. Ukililima, umeichana hati, na mjukuu hana pa kuonyesha.”

Kijana mmoja alimwuliza, kwa adabu, “Babu, kwa nini basi tunakwenda kuliona kaburi la mzungu, na haya ya kwetu hatuyaoni?” Mzee alicheka kidogo, akajibu, “Nenda kwanza ukaone jinsi watu wanavyotunza, ndipo urudi uulize.”

Tuliendelea. Tulipita Haydom, ambako ndege ndogo si ajabu kwa wenyeji, kwa kuwa hospitali ya Walutheri iliyoanzishwa mwaka 1955 ina kiwanja chake, na ndege za huduma za kimisioni hutua hapo. Vijana wakaanza kuhesabiana ni nani amewahi kupanda ndege. Hakuna aliyeinua mkono. Mama mmoja akasema kwamba yeye huziogopa tangu aliposikia habari ya Bukoba, na gari zima likanyamaza. Mtakumbuka kwamba Dominika tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilitumbukia katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao, na waliookoka wanaijua thamani ya mitumbwi hiyo. Tuliwaombea wote, nasi tukaingia Mbulu mjini jua likiwa linashuka. Usiku tulilala Karatu, mji ambao uko mkoa wa Arusha lakini wazee wetu bado huutaja kama sehemu ya Mbulu, kwa kuwa ndivyo ulivyokuwa kabla ya wilaya kugawanywa, na katika Kanisa ungali ndani ya jimbo letu.

Asubuhi tuliingia kwa lango la Loduare, tukapanda msituni katika ukungu mzito. Ukingo wa kreta uko juu kiasi cha mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na akina mama waliokuja na mashuka mepesi waliyajutia. Pale mtu anapofika kwa mara ya kwanza na kuona bonde lote chini yake, pana kumbukumbu ya wafanyakazi wa hifadhi waliofia kazini. Askari aliyepangiwa kutusindikiza, kijana mwenye bunduki begani na sauti ya chini, hakuanza kwa kutuonyesha kreta. Alituonyesha majina. “Hawa ni wenzetu,” akasema. Tuliyasoma kwa sauti, moja baada ya jingine. Yalikuwa majina kama ya kwetu.

Kutoka hapo tulitembea kwa miguu kufuata ukingo, kwa mstari mmoja, askari akiwa mbele. Alituomba tusipige kelele, kwa sababu ya nyati. Wanaparokia wetu ambao hawawezi kukaa kimya nusu saa katika mkutano wa jumuiya walinyamaza vizuri sana. Njiani palikuwa na kinyesi kibichi cha nyati, upupu, na miti yenye ndevu za kijivu zilizoning'inia zikidondosha maji. Ukungu ulipofunguka tuliona chini ziwa la chumvi likimetameta, na madoa meusi ambayo askari alituambia ni nyumbu. Kisha ukungu ukafunga tena. Wazee walipumzika mara tatu, na vijana wakajifunza kusubiri.

Kaburi lenyewe halina makuu. Ni rundo la mawe lililojengwa kwa umbo la piramidi, lenye maandishi yanayosema kwamba Michael alitoa vyote alivyokuwa navyo kwa ajili ya wanyama wa Afrika, pamoja na uhai wake. Kuna pia kumbukumbu ya baba yake. Bernhard Grzimek alifariki Frankfurt mwezi Machi 1987, na majivu yake yakaletwa hapa, akawekwa kando ya mwanawe.

Tuliposimulia hayo, mama mmoja alikuja karibu. Hatutamtaja jina, inatosha kusema kwamba anatoka kigango chetu kilicho chini ya mlima, na kwamba alimzika mwanawe Desemba 2023. Akauliza, “Padri, tangu mtoto azikwe mpaka baba kuja kulala hapa, ni miaka mingapi?” Tukamjibu: kutoka 1959 hadi 1987 ni miaka 28. Alitazama jiwe kwa kitambo, akasema taratibu, “Basi mzee huyu alisubiri.” Hakusema zaidi, nasi hatukumwongezea neno.

Tulipotaka kusali, kijana mmoja aliuliza kama inafaa kumwombea mtu ambaye hatuijui imani yake. Ni swali zuri. Kanisa katika Misa huwaombea marehemu wote, hata wale ambao imani yao Mungu peke yake ndiye anayeijua. Tukasali sala ya marehemu kwa ajili ya Michael na baba yake, kwa ajili ya askari tuliowasoma majina, na kwa ajili ya wazee waliolala Basotu chini ya mabua ya ngano. Askari wetu alivua kofia. Baadaye alituambia kwamba yeye ni Mwislamu, na kwamba wageni wengi hushuka kwenye gari, hupiga picha, na kuondoka.

Wapendwa, sasa tuje kwenye jambo ambalo hasa lilitusukuma kuandika.

Dominika tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Injili ya siku ile, kutoka kwa Marko, ilituasa tukeshe, kwa maana hatujui saa. Asubuhi ileile, baada ya mvua kubwa, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani. Idadi ya waliofariki iliyotangazwa ilifika watu 89. Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikalemewa, ikameguka. Hapakuwa na mlipuko wa volkano. Nyumba zimejengwa kwa waliopoteza makazi, na misaada ilitoka kila pembe ya nchi. Kwa hayo tunashukuru.

Lakini tangu siku ile kuna maneno yanayonong'onwa katika vilabu vya pombe, visimani, na hata, tuseme ukweli, katika baadhi ya jumuiya zetu. Inasemwa kwamba mlima ulikasirika. Inasemwa kwamba familia fulani ilikuwa na jambo, na Mungu akalimaliza. Mama aliyepoteza mwana anayasikia maneno haya akiwa na ndoo kichwani. Ndugu zangu, haya hayatoki katika Injili. Katika sura ya 13 ya Luka, Bwana wetu anakumbusha habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, anauliza kama walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, naye mwenyewe anajibu kwamba sivyo. Anawageukia walio hai na kuwaambia watubu. Yeyote anayetaka kuusoma msiba kama barua ya Mungu, basi na ajue kwamba barua hiyo, ikiwa ipo, haikuandikiwa waliokufa.

Pale ukingoni tulilifikiri jambo hili upya. Wachunguzi waliona bawa lililoharibika na nyaya zilizokwama. Wanajiolojia waliona mwamba dhaifu na maji mengi. Huo ndio ukweli wa namna jambo lilivyotokea, nao ni msaada mkubwa, kwa kuwa unamwondolea mama mzigo wa kujiuliza alitenda kosa gani. Haumwondolei kilio. Kwa kilio anahitaji watu watakaosimama naye, na mahali pa kusimama.

Tuliporudi, suala la mahali hapo lilifikishwa mbele ya halmashauri ya walei. Waumini wa kigango kile walikwisha kuomba kuweka jiwe lenye majina ya waliofariki, na ombi lao lilikaa muda mrefu bila jibu kwa sababu tulikuwa hatupatani. Wengine walisema kwamba jiwe litafungua vidonda kila Dominika. Wengine walisema fedha hizo ziezeke darasa la katekesi. Wengine walisema yaandikwe majina ya Wakatoliki tu, kwa kuwa uwanja ni wa Kanisa. Mabishano yalikuwa makali, na hapakuwa na mtu mbaya miongoni mwa waliobishana.

Safari hii haikumaliza kila ubishi, lakini ilitusogeza. Mzee wetu wa Kibarbaig alisimama katika kikao akaongea kwa dakika tano tu. Alisema kwamba huko juu alimwona baba aliyetoka nchi ya mbali akaomba kulala penye kaburi la mwanawe, na alizaliwa Hanang akayaona makaburi ya baba zake yakipotea. Akasema, “Msiba haukuuliza mtu anasali wapi. Na jiwe lisiulize.” Baada ya hapo hoja ya Wakatoliki peke yao haikuinuliwa tena. Kuhusu fedha, vijana wamejitolea mchanga na kokoto, na jumuiya mbili zimeahidi saruji, hivyo akiba ya darasa haitaguswa. Kuhusu vidonda, tumekubaliana kwamba hakuna jina litakaloandikwa bila ridhaa ya wafiwa.

Ndipo mama yule tuliyemtaja alipozungumza. Alisema kwamba anataka jiwe lijengwe, naye atachota maji ya ujenzi. Lakini jina la mwanawe lisiandikwe kwa sasa. “Niachieni mimi kwanza,” alisema. “Yule mzee naye alisubiri miaka yake.” Fundi akauliza afanyeje, kwa maana maandishi yakishachongwa na jiwe likishajengwa, kuongeza ni kazi. Halmashauri ikaamua kwamba nafasi iachwe. Kwa hiyo mtakapoliona jiwe, na mkaona katikati ya majina mstari mmoja usio na maandishi, msidhani fundi alisahau, wala msiulize ni wa nani. Utajazwa siku mwenyewe atakaposema.

Tunawaomba basi mambo yafuatayo. Familia zinazotaka majina ya watu wao yaandikwe, ziyapeleke kwa mkatekista wa kigango kabla ya Dominika ya Kristo Mfalme. Andikeni kama mlivyokuwa mkimwita nyumbani, jina la Kiiraqw au la Kidatoga pamoja na la ubatizo kama alikuwa nalo. Walutheri, Waislamu na wale wasio na dini mlio majirani nao, waambieni mlango uko wazi kwao pia. Tarehe 3 Desemba, saa tatu asubuhi, majina yote yatasomwa kwa sauti. Wazee wa Basotu wameomba vijana waende nao, baada ya Noeli, kuonyeshwa mahali palipokuwa na bung'eda za mababu zao. Wanaopenda wajiandikishe kwa mwenyekiti wa vijana. Nauli ni kila mtu na yake, na maji ya kunywa mchukue.

Na yule anayenong'ona kisimani, tunamwomba kwa upendo kwamba safari ijayo amkutapo mama mwenye ndoo, amtue.

Tunawatakia Dominika njema na mwezi mwema wa marehemu.

Paroko wenu.